Marehemu Mkuu wa Kaya

Watu wakiniuliza tulifundishwaga nini chuoni miaka ile, huwa nawajibu kwamba tulifundishwa kusema kweli, na mimi nikafaulu kuliko wenzangu wote. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii hata kidogo. Nina hasira na kufaulu kule mpaka leo, na nikianza kusimulia sauti inapanda yenyewe, mniwie radhi.

Chuo chetu kilikuwa Musoma, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo wa mchana ukianza, karatasi zote mezani tulikuwa tunaziwekea mawe. Tulikuwa tunasomea ualimu. Asubuhi hesabu na malezi ya mtoto, mchana jembe, maana wakati ule huwezi kuitwa msomi kama mikono yako haina sugu. Na kila Alhamisi tulikuwa na somo moja nililolipenda kupita kiasi. Kwenye ratiba liliandikwa Maadili, Haki na Sera ya Umma. Sisi tuliliita Haki tu. "Leo kuna Haki?" "Leo hakuna, mwalimu kaenda Mwanza." Tulikuwaga wajinga sana.

Mwalimu wa somo hilo alikuwa kijana wa pwani, mwembamba, Kiswahili chake kimenyooka mpaka sisi watu wa Mara tukifungua mdomo mbele yake tunajisikia tuna mihogo mdomoni. Ninachotaka mjue ni kwamba hakuwa mnafiki. Alichokifundisha alikiamini. Mwanafunzi akibisha hoja yake alifurahi, tena alimsogelea amsikie vizuri. Angekuwa mnafiki ningekuwa na mtu wa kumchukia, nipumzike.

Mwaka ule Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilikuwa imefika kwetu. Wengi wetu pale darasani, watu wa nyumbani walikuwa wameshaandikishwa, wanangoja malori. Mwalimu akaingia, akaandika ubaoni: Je, serikali ina haki ya kumhamisha mtu kwa faida ya mtu huyo mwenyewe? Akageuka, akasema tujadili bila woga. Jamani, bila woga! Nusu ya darasa wakasema haki inayo: shule, zahanati, maji ya bomba, nani atapeleka bomba kwenye kila kilima kwa ajili ya mji wa familia moja? Kijana mmoja wa Bukima, mtoto wa mvuvi, akauliza baba yake akipelekwa mbali na ziwa atavua nini, mihogo? Tukacheka. Halafu nikanyoosha mkono mimi.

Nikasema: "Kwenye fomu ya kijiji kuna mahali pa mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya wanaandika mwanaume. Kama nyumba haina mwanaume, na haijawahi kuwa na shida naye, inaandikwaje?"

Waliotoka mikoa mingine wakacheka. Waliotoka kwetu wakaangalia madaftari yao, kwa sababu walijua ninasema nini.

Nieleze, maana asiye wa kwetu ataachwa njiani. Upande wa Butiama na majirani zetu, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa. Si masihara. Anatoa ng'ombe kwa wazazi wa msichana kama anavyotoa mwanaume, anamleta nyumbani kwa heshima zote, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Inaitwa nyumba ntobhu. Mwanaume aliyehusika kwenye kuzaa anajulikana, lakini hatajwi. Hadai kitu na haulizwi kitu. Akikutana na mtoto njiani anamsalimia kama anavyosalimia mtoto wa jirani, anapita. Hiyo ndiyo adabu yenyewe, na nyumba nzima inasimama juu ya adabu hiyo.

Bibi yangu alimwoa mama yangu. Alikuwa mjane, binti zake wawili wameolewa mbali, na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa anangoja tu nyumba ile ifungwe achukue mashamba na mifugo. Bibi akasema haifungwi. Akamleta mama. Nikazaliwa mimi, msichana, wakashukuru hivyo hivyo. Zikapita mimba tatu zilizoharibika na miaka mingi ya bibi kutopata usingizi, ndipo akazaliwa mdogo wangu wa kiume. Mama alinisimulia kwamba siku hiyo bibi alitoka nje, akasimama ameelekea kwa shemeji yake, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mtoto akapewa jina la nyumba yetu. Yeye ndiye angekaa kwenye mji ule, yeye ndiye angemzika bibi, na jina lingeendelea kuitwa. Hicho tu ndicho bibi alichokuwa anakitaka duniani.

Alikuwa mkali, bibi, na mdomo wake ulikuwa unachoma. Nilipokuwa mdogo watoto wa shule walikuwa wananizonga: baba yako nani, baba yako nani? Nikarudi nyumbani nalia. Bibi akanusa ugoro wake taratibu, akaniambia: "Waambie baba yako ni ng'ombe wanane. Waulize wao baba zao waliletaga wangapi." Kesho yake nikawaambia. Nilipigwa, lakini hawakuniuliza tena.

Sasa, Operesheni ilipokuja kuandikisha, aliyepewa fomu alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mmoja mtaratibu aliyejua nyumba zote kumi mpaka mbuzi wao. Alikuja kwetu, akakaa, akanywa togwa. Alipofika pale pa mkuu wa kaya, hakumwuliza bibi kitu. Akaandika jina la marehemu babu, ambaye alikufa kabla mimi sijazaliwa. Chini yake akaandika mke mmoja, mkamwana mmoja, wajukuu wawili. Kaya moja, kiwanja kimoja.

Bibi akamwuliza: "Wakija kumtafuta huyo mzee?"

Balozi akasema: "Mzee yupo. Amesafiri tu."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mama naye akacheka amejiziba uso na kanga. Jirani zetu wote walijua, na hakuna aliyefungua mdomo, maana kila mmoja alikuwa na la kwake lisiloingia kwenye fomu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nyumba yetu ilikuwa imeshaokoka, mnaelewa? Ilikuwa imeshaokoka, kwa kalamu ya mzee aliyesoma mpaka darasa la nne.

Aliyeudhika ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na daftari zima la maneno ya haki. Eti kwa nini bibi yangu, mwanamke aliyejenga mji kwa mikono yake, ajifiche nyuma ya maiti? Kwa nini asiandikwe yeye, kwa jina lake, mkuu wa kaya? Nilipopewa kazi ya muhula, insha juu ya sera moja na watu inaowaumiza, sikufikiria mara mbili. Niliandika siku nne. Nililia nikiandika, nikajiona ninapigana vita.

Jumamosi nikaipeleka nyumbani kwa mwalimu, mtaa wa Kitaji. Nilimkuta anapiga pasi ya mkaa. Akaiweka pasi pembeni, akaisoma insha yote amesimama, shati liko nusu limenyooshwa. Alipomaliza akaniambia: "Ndugu, hii ni hoja nzito. Haijawahi kuandikwa darasani kwangu. Lakini umeandika hadithi. Mzee fulani, balozi fulani, bwana fulani. Sera haibadilishwi kwa fulani. Dai la haki bila ushahidi ni manung'uniko tu. Nani balozi? Nani marehemu? Nani aliyezaa hawa watoto? Andika watu wenye majina, ndipo watu wakubwa watakusikia."

Nilirudi chuoni ninakimbia. Hakuna aliyenilazimisha, nataka hilo lijulikane. Nilikimbia mwenyewe.

Jina la babu nilikuwa nalo, la balozi nilikuwa nalo. Jina la yule mwanaume sikuwa nalo. Likizo fupi ikaangukia wakati wa kuchuma pamba, nikaenda nyumbani, nikaingia shambani na mama. Tukachuma mistari miwili sambamba mpaka nikapata ujasiri.

"Mama, nataka kukuuliza kitu. Aliyetuzaa ni nani?"

Mikono yake ikasimama. Katika maisha yangu yote sikuwa nimemwuliza. "Unamtaka wa nini?"

"Ni ya masomo, mama. Tunaandika."

"Masomo gani hayo yanauliza hivyo?"

"Ni somo la haki. Nataka bibi apate haki yake."

Akachuma tena kidogo. Mama alikuwa haogopi kazi wala ng'ombe wala mtu, lakini karatasi alikuwa anaiheshimu kupita kiasi, kwa sababu hajui kuisoma. Akasema: "Kama ni ya shule, sawa. Ya shule inabakigi shuleni, si ndiyo?"

Nikasema: "Ndiyo, mama."

Akanitajia. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa ng'ambo ya korongo, mtu mpole mwenye mke na watoto watano, nimepishana naye njiani mara mia. Mama akaniambia nisimwonyeshe macho ya kumjua. Nikasema sitamwonyesha. Halafu nikaenda nikamwandika kwa wino, jina lake na la baba yake.

Insha ile mwalimu aliisoma mbele ya darasa, mwanzo hadi mwisho. Nilipata alama ya juu, wenzangu wakanipigia makofi, hata wale waliocheka. Kijana wa Bukima hakupiga. Alinifuata baadaye kwenye foleni ya ugali, akaniuliza: "Wewe, na hayo majina?" Nikamjibu kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Akasema, "Haya." Akachukua sahani yake, akaenda kukaa meza nyingine.

Wiki mbili baadaye mwalimu akaniita. Alikuwa na mtu anayefahamiana naye kwenye kamati ya Operesheni, ofisi yao iko Bunda, mtu msikivu, mtu wa mawazo mapya. Alitaka kumpelekea insha, wajue pale wanapokosea. "Lakini ni kazi yako," akasema. "Bila ruhusa yako siipeleki." Aliniuliza kabisa! Nami nikasema peleka. Nilimshika mkono kwa mikono miwili, nikamwambia ahsante. Mama nilikuwa nimemwahidi, na nilikumbuka, nikajiambia kwamba akiona bibi ameandikwa kwa jina lake atanishukuru.

Siku ya kugawa viwanja chuo kilinipa ruhusa. Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Bunda, uwanja mtupu wenye mistari ya chokaa na vigingi. Watu walikuwa wengi, wengine wamekaa juu ya magunia yao, kuku wamefungwa miguu, jua kali. Bibi alikuwa amevaa vitenge vyake vizuri. Mdogo wangu alikuwa na miaka minane, ameshika kigoda cha bibi, anangoja aonyeshwe kwetu ni wapi.

Ofisa alikuwa na orodha iliyopigwa chapa. Kabla ya kuanza akasema kuna kosa limerekebishwa. Akasema balozi mmoja aliidanganya serikali, akaandika marehemu kuwa mkuu wa kaya, na tangu leo huyo si balozi tena. Mzee wetu alikuwa amekaa chini, kofia juu ya goti. Akaivaa kofia, akaivua tena.

Mimi bado sikuelewa. Nilifikiri sasa linakuja jina la bibi. Kweli nilifikiri hivyo, nilijiweka sawa nisikie vizuri.

Ofisa akaendelea, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayetoa zawadi. Akasema katika nchi huru hakuna mwanamke wa kuolewa na mwanamke mwenzake kwa ng'ombe, huo ni utumwa wa kale. Mama huyu na watoto wake wamerudishiwa haki yao. Akasoma jina la yule mchungaji: mkuu wa kaya, wake wawili, watoto saba. Akamwita asimame.

Yule bwana akasimama. Alikuwa anaangalia miguu yake tu. Mkewe, aliyekuwa amekaa karibu naye na mtoto mgongoni, akamtazama, akamtazama mama, akasema kwa sauti watu wote wasikie: "Huyo mwanamke mimi simjui." Akakusanya vyombo vyake, akasogea mbali.

Mama akasema: "Mimi nina kwangu."

"Ndiyo, mama," akajibu ofisa. "Kwako ndipo hapa."

Bibi akanyanyuka. "Na mimi mnanipeleka wapi?"

"Wewe umeandikwa kwa shemeji yako, bibi. Mzee haachwi peke yake. Utatunzwa."

Kwa shemeji yake. Mtu aliyengoja miaka ishirini na zaidi nyumba ile ifungwe, leo serikali imemfungia. Alikuwa pale pale, na ninamtendea haki nikisema kwamba hata yeye hakucheka. Bibi akauliza nani amewaambia mambo ya nyumbani kwake. Ofisa akafurahi kabisa kuulizwa. "Ni msomi wenu mwenyewe," akasema, akaninyooshea mkono. "Mshukuruni. Wasomi kama hawa ndio taifa linaowahitaji."

Watu wakageuka wote. Ningependa kusema ardhi ilipasuka, lakini haikupasuka, nilikuwa nimesimama vizuri tu na viatu vyangu vya chuo. Bibi akanijia. Nilingoja matusi. Ningeyapokea matusi yake kwa shukrani.

Akaniuliza kwa lugha ya nyumbani, taratibu: "Ni wewe?"

"Ni mimi, bibi. Nilitaka waandike jina lako."

"Jina langu nilishaliweka hapa," akasema. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wangu. "Lilikuwa hapa."

Akageuka, akaanza kutembea kurudi kwenye mji wake wa zamani, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nilimfuata. Hakunifukuza na hakunisemesha. Siku ya tatu mgambo wakaja na lori, wakaezua paa yeye akiwa ndani, nyasi zinamwangukia kichwani. Vijana wale niliwafahamu, mmoja nilisoma naye. Walikuwa wanasema "samahani, bibi" huku wanavuta fito. Wakamnyanyua na mkeka wake, wakampakia, wakampeleka kwa shemeji.

Nilirudi Musoma nikaenda moja kwa moja Kitaji. Sikupiga hodi. Nikamwambia mwalimu yote, nimesimama katikati ya chumba chake, ninapiga kelele mpaka jirani wakachungulia. Alikaa kitandani. Halafu akasema neno ambalo sijamsamehe, ingawa najua alilisema kwa sababu hakuwa na lingine. Akasema: "Lakini hoja yako ilikuwa sahihi."

"Sahihi sana, mwalimu! Sahihi mpaka imeezua nyumba!"

Aliandika barua siku hiyo hiyo, akaipeleka Bunda kwa mkono wake. Akaandika ya pili. Wakamjibu kwamba orodha imefungwa, na kwamba mfano wetu umewasaidia kurekebisha kaya nyingine za namna ile. Hilo la mwisho alinisomea kwa sauti ndogo. Kaya nyingine. Sikujua ni ngapi, na sijawahi kutaka kujua. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, lakini mimi nililigawa hata kwa nisiowajua.

Mama hakuingia kwa yule bwana. Alijenga kibanda nyuma ya kiwanja chake, yule bwana akamsaidia kukata fito bila kumtazama, na mkewe hakumsemesha. Mimi mama alinisemesha, lakini ya kazi tu: leta kuni, funga mbuzi. Jina lile alilonitajia shambani hakulirudia, wala hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa naombaga anipige.

Bibi alikaa kwa shemeji yake miezi michache. Walimtunza, siwezi kuwasingizia. Alipewa chakula, akawa anakila nusu. Nilipokwenda kumwona alikuwa ananiuliza habari za mvua tu. Siku moja nikapiga magoti, nikamwomba msamaha kwa maneno yote niliyokuwa nayo, ya nyumbani na ya chuoni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mama, huna ubaya. Ulifundishwa." Afadhali angenilaani.

Alikufa mvua za masika zilipoanza. Kwetu mtoto wa kiume wa nyumba ndiye anayetangulia kaburini, ndiye anayeshika jembe la kwanza, hata akiwa mdogo anashikiwa mkono. Mdogo wangu alikuja na kijembe kidogo. Shemeji wa bibi akamzuia. Hakumzuia kwa jeuri, alichuchumaa mbele yake, akamwambia: "Wewe sasa ni mtoto wa mji mwingine. Wa mji mwingine hashiki." Nikaingilia, nikasema mtoto huyu ni wa nyumba hii, ng'ombe walitoka, wote mnajua. Wazee wakanitazama. Mmoja akaniuliza: "Si wewe uliyeandika?" Mtoto wa kiume wa shemeji akashika jembe. Mwezi uliofuata ng'ombe wa bibi wakavuka kwenda kwenye zizi la shemeji yake.

Nilimaliza chuo. Walinipanga kufundisha shule ya kijiji kile kile cha barabara ya Bunda. Niliomba nibadilishiwe, wakasema msomi anatakiwa arudi kwa watu wake. Nikapewa darasa la tatu. Siku ya kwanza mwalimu mkuu akanikabidhi rejista mpya, majina yameandikwa upya yote kufuata kaya za kijiji. Watoto arobaini na kitu walikuwa wamekaa chini, maana madawati hayakuwepo bado. Mdogo wangu alikuwa mstari wa pili, amekonda, miguu mirefu.

Nilianza kuita. Mwanafunzi mwenzake akiitwa anasimama, anaitikia, anakaa. Nilipofika kwake nikaona jina lake la kwanza, lile bibi alilompa, na mbele yake jina la yule mchungaji. Kidole changu kikabaki juu ya jina hilo, watoto wakaanza kunong'ona. Nikalisoma lote. Nikamtazama, nikiomba akatae. Nilimwomba kwa macho kabisa: kataa, sema siyo, piga kelele, nitakuunga mkono mbele ya mwalimu mkuu, nitafukuzwa kazi leo hii.

Akasimama, mikono nyuma, akaangalia ukuta juu ya kichwa changu.

"Nipo, mwalimu," akasema.

Nikaweka alama ya vema, nikamwita anayefuata.